Mayai Mmeyafunga, Mtoto Mmemwacha

Enyi watu wa Busia, ya Kenya na ya Uganda, nanyi mlio Malaba, nanyi mnaoamka kila siku mkiutazama mwamba wa Tororo: nina kesi nanyi, na sitaisema kwa upole.

Hakuna watu wanaojua kufunga mzigo kama nyinyi. Simameni getini saa moja asubuhi mjionee. Mayai ya Uganda yanavuka kwenda Kenya trei juu ya trei kwenye pikipiki, yamezungushiwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mwenye pikipiki anautikisa mzigo kwanza kwa kiganja, anakaza palipolegea, ndipo anapanda. Mtungi wa gesi umefungwa. Kreti ya soda imefungwa. Kuku wamefungwa miguu. Saruji inatoka kiwandani Tororo chini ya turubai iliyokazwa kwa kamba kila upande. Kontena linaloingia Uganda kutoka Mombasa limepigwa sili, na tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda hulifuatilia njia nzima kwa kifaa cha kielektroniki. Dereva akichepuka, anatafutwa. Lori limepimwa Webuye na litapimwa tena Busitema, maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeliwekea kikomo cha tani 56.

Na nyuma ya lori hilo kuna Toyota Wish.

Baba ameshika usukani, mkanda kifuani. Mama yuko kiti cha mbele, na mapajani mwake amesimama mtoto wa miezi minane hivi, mikono yake miwili juu ya dashibodi, anaipigapiga kama ngoma. Kiti cha nyuma kuna luninga mpya, ingali ndani ya boksi lake, nayo imefungwa mkanda wa gari. Nimeyaona haya, na aliyekaa mpakani miaka miwili mitatu ameyaona pia. Kila kitu ndani ya lile gari kimeshikizwa, hata chupa ya chai imekabwa kati ya viti isimwagike. Aliyeachwa huru ni mtoto.

Ndipo nauliza: mmejifunzia wapi kwamba yai huvunjika na mtoto havunjiki?

Mtaniambia, "Lakini yuko mikononi mwangu." Mama, najua. Mikono hiyo imembeba toka siku aliyozaliwa, imebeba maji na kuni, imelima shamba. Lakini barabara haijui mapenzi, inajua mwendo na uzito. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa wa kutoka mjini kuelekea Korinda, likagonga kitu kisichosogea, sehemu ya mbele itajikunja kiasi cha nusu mita na gari litakuwa limesimama. Aliyemo ndani bila kufungwa bado anakwenda kilomita 50. Katika kipande kile kidogo cha sekunde, mtoto wa kilo 10 humvuta aliyemshika kwa nguvu ya karibu kilo 200. Hiyo ni mifuko minne ya saruji. Hakuna mbeba mizigo getini, hata yule anayesifiwa kwa kifua, anayeweza kuidaka mifuko minne ya saruji ikirushwa kwake kwa pamoja. Wewe utaweza vipi, nawe mwenyewe unarushwa?

Ukitaka kuipima kwa njia nyingine, kugonga kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 ni mita 25. Nani kati yenu angempakata mtoto akae naye ukingoni mwa paa la jengo la urefu huo, akisema hapana neno, nimemshika?

Tena yapo mabaya zaidi, na lazima niyataje kwa kuwa hufanywa na watu wanaodhani wanajihadhari. Wapo wanaouzungusha mkanda mmoja ukawakamata mama na mtoto pamoja. Gari likigonga, mwili wa mama unaubana mwili wa mtoto kwenye mkanda, na mtoto ndiye anayegeuka kuwa mto wa kumkingia mama. Wapo wanaomweka mtoto mbele ili mama amwone vizuri, wasikumbuke kwamba ndani ya dashibodi ile anayoipigapiga mtoto kuna mfuko wa hewa. Mfuko huo hulipuka na kujaa katika muda usiofika hata sehemu ya kumi ya sekunde. Ulitengenezwa kwa ajili ya kifua cha mtu mzima aliyefunga mkanda na kuegemea kiti. Ukimkuta mtoto mbele yake, unampiga usoni na shingoni kwa nguvu za kuua.

Na onyo lilikuwepo. Vuta chini kile kikinga jua cha upande wa abiria katika gari lako lililotoka Japani. Utaona kibandiko chenye maandishi ya Kijapani usiyoyasoma, lakini kuna picha: mtoto kitini, mbele yake mfuko umevimba, na juu ya picha mstari mwekundu umekata. Picha haihitaji mkalimani. Umeendesha gari hilo miaka mingapi? Umekishusha kikinga jua hicho mara ngapi ukajitazama kwenye kioo chake?

Niseme kidogo juu ya Japani, maana magari yetu karibu yote madogo hutoka huko. Tangu Aprili 2000, sheria ya nchi hiyo humtaka kila dereva amweke mtoto aliye chini ya miaka sita kwenye kiti chake maalumu. Kwa hiyo huenda Wish yako, kabla ya kushushwa Mombasa, iliwahi kubeba mtoto wa Kijapani akiwa amefungwa vilivyo. Tumenunua gari, tukalipia ushuru, Kenya ikahakikisha halijapita miaka minane na Uganda ikakataa la zaidi ya miaka 15. Tulichokiacha bandarini ni adabu ya kulitumia.

Mkanda mnaujua, msiniambie hamuujui. Nawaona mkiufunga mnapokaribia kizuizi cha polisi. Dereva anauvuta haraka, anaushikilia kifuani kwa mkono mmoja bila hata kuuchomeka, anamsalimu afande, anapita, anauachilia. Kuna wanaochomeka ulimi wa mkanda nyuma ya mgongo ili gari liache kulia. Mmeufanya mkanda kuwa heshima ya polisi, kama kuvua kofia. Mwaka 2004, waziri wa uchukuzi John Michuki alipowabana wenye matatu Kenya, kila kiti kikawa na mkanda na kila abiria akaufunga, kuanzia Busia hadi Mombasa. Michuki alipoondoka wizarani, mikanda ikageuka matambara yaliyoning'inia, michafu kiasi kwamba mtu aliyevaa shati jeupe anaiogopa. Mlimwogopa Michuki. Kumbe hamkuwahi kuiogopa barabara, na barabara haijaondoka wizarani. Kenya huzika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na Uganda haina nafuu. Shirika la Afya Duniani limesema tena na tena kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi duniani kuliko barabara.

Hapa ndipo mzee mmoja hukohoa na kusema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo imezika watoto wengi, na ingepaswa nayo ipelekwe mahakamani. Kwamba ajali itatokea au haitatokea, hilo huenda lisiwe mikononi mwako. Lori la mtu mwingine litakosa breki kwenye mteremko na wewe hukulitengeneza. Lakini kama mtoto atarushwa au atabaki kitini, hilo liko mikononi mwako, na liliamuliwa kabla hujawasha gari. Kiti sahihi kilichofungwa sawasawa hupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya magari kwa hadi asilimia 71. Kama hiyo si kinga, kinga ni nini?

Nanyi mnaoifunika safari kwa maombi, sikilizeni. Ombeni, mimi siwazuii. Barabara ya Busitema usiku inahitaji maombi. Lakini nimeona familia nzima imeshikana mikono ndani ya gari lililozimwa, baba akiomba dakika tano, akawakabidhi watoto kwa malaika mmoja mmoja kwa majina, kisha akaondoka na watoto watatu wamesimama kati ya viti, vichwa vyao dirishani. Kumfunga mtoto mkanda kungechukua nusu dakika. Malaika waliitwa kufanya kazi ya baba, naye baba alikuwa pale pale, mzima, ana mikono miwili. Kwa mayai hamfanyi hivyo. Sijaona anayeombea trei bila kuifunga.

Wengine watasema mambo haya ni ya Wazungu. Pikipiki yako ni ya Wahindi, simu yako ni ya Wachina, jezi uliyovaa Jumapili ni ya klabu ya London, na hukuvikataa. Ila ni kweli kwamba walioanza kufikiri sana juu ya shingo ya mtoto walikuwa Waswidi. Daktari mmoja, Bertil Aldman, mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwaangalia wanaanga wa Marekani wa chombo cha Gemini, jinsi walivyolazwa chali ili mgongo wote upokee msukumo wa roketi. Akaona kwamba mtoto naye akigeuzwa nyuma, mgongo wake ukaelekea mbele ya gari, basi gari likigonga kiti chote kinampokea, kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Mwaka 1964 kiti cha kwanza cha namna hiyo kilijaribiwa ndani ya Volvo. Sababu yake hata nyanya zetu waijua: kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, ndiyo maana humbebi bila kumshika kisogo. Akitazama mbele gari likagonga, kile kichwa kizito kinarushwa na shingo ile laini ndiyo inayobaki kukizuia. Nyanya hakusoma haya popote, na bado ukimpokea mjukuu bila kumshika kisogo atakupiga kofi la mkono. Mbona mkifika garini nyanya ananyamaza?

Sasa niwageukie nyinyi mlionunua kiti. Msidhani mmepona.

Nimekiona kiti cha mtoto sebuleni, mtoto ameketi ndani yake anakunywa uji na kutazama katuni. Kizuri, cha bei, kilitumwa na shangazi aliyeko Uingereza. Ikafika saa ya kwenda kanisani: mtoto akatolewa kitini, akapakatwa, kiti kikabaki sebuleni. Wengine hukibeba lakini hukiweka juu ya kiti cha gari bila kukifunga, kikakaa pale kama kikapu. Gari likigonga, kiti na mtoto wake vitaruka pamoja. Kiti kisichofungwa kwenye gari ni mzigo mwingine tu.

Basi fanyeni hivi, na mfanye kwa ukali ule ule mnaoutumia kwenye mayai. Kiti kikae nyuma. Mkanda wa gari upite penye njia yake, ambayo kwa kawaida imechorwa rangi kwenye kiti chenyewe, kisha ukandamize kiti kwa goti lako na uvute mkanda mpaka ukaze. Shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, rudia. Magari mengi ya Japani ya miaka ya karibuni yana pete mbili za chuma zilizofichwa pale kikalio kinapokutana na mgongo wa kiti cha nyuma. Ingiza vidole uzitafute. Kama kiti cha mtoto kina ndimi za kunasa humo, kazi imerahisishwa, na utasikia zikilia zikishika.

Mtoto mchanga atazame nyuma. Asigeuzwe kabla ya miezi 15, na ukiweza mwache hivyo hadi miaka miwili au zaidi, hadi kiti chenyewe kimkatae kwa uzito au urefu. Mtalalamika kuwa miguu inagusa mgongo wa kiti cha gari. Iache iguse, mtoto atajikunja. Huyu mchanga alazwe nusu, asikae wima kama mzee wa baraza, kwa sababu kichwa kikimwangukia kifuani hewa inakata. Mikanda ya mabega ipite sawa na mabega au chini yake kidogo kwa anayetazama nyuma. Sawa au juu kidogo kwa anayetazama mbele. Halafu jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, mkanda umelegea.

Na hapa nawakemea akina mama wa asubuhi za baridi. Mnamvika mtoto sweta, juu yake jaketi, juu yake shali mbili, ndipo mnamfunga mkanda juu ya furushi lote. Mkanda unaonekana umekaza, kumbe umekaza nguo. Gari likigonga, nguo zinabonyea, mtoto anachomoka katikati. Mfunge na nguo nyepesi kwanza, ndipo umfunike shali juu ya mkanda.

Aliyekua, wa miaka minne, mitano, hadi tisa kumi, hajawa mtu mzima kwa sababu tu anaweza kuimba wimbo wa taifa. Mkanda wa gari ulikatwa kwa kipimo cha mkubwa. Kwa mtoto hupita shingoni na tumboni, na kugonga kwa kweli humpasua tumbo. Anahitaji kikalio cha kumwinua hadi afikie urefu wa mita moja na nusu hivi. Utajua amekua mgongo wake ukigusa kiti, magoti yakikunjika ukingoni, mkanda ukipita katikati ya bega na chini kwenye mapaja.

Kuhusu viti vya mitumba, nitawaambia nilichokiona kwenye kibanda kimoja upande wa Sofia, hapa Busia. Kiti kilining'inizwa kwa mkanda wake wenyewe, kati ya birika la umeme na viatu vya mpira. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa kikang'aa. Mkanda mmoja wa bega ulikuwa umekatwa kwa mkasi ukaunganishwa kwa uzi wa cherehani. Huko kilikotoka, mtu aliukata makusudi ili asikitumie mwingine, maana hivyo ndivyo watu wenye adabu hutupa kiti kilichopata ajali. Fundi wetu akakishona. Nawe utapunguziwa bei ukashukuru.

Kipindue kiti. Cha Ulaya kina kibandiko chenye herufi E ndani ya duara, pamoja na jina la kanuni, R44 au R129; tangu Septemba 2024 Umoja wa Ulaya umesimamisha uuzaji wa vipya vya R44, na hiyo haimaanishi kilichopo ni kibovu, inamaanisha umri wake unasonga. Cha Marekani kimepigwa tarehe ya kuisha kwenye plastiki yenyewe. Vingi vina alama ndogo ya duara yenye mshale, mshale ukielekea mwezi kilipotengenezwa, na mwaka katikati. Plastiki iliyokaa juani huchoka. Kiti ambacho humjui aliyekitumia, kibandiko kimebanduliwa, mkanda umeshonwa, usikinunue hata kwa bei ya nyanya.

"Hela hatuna." Wengine ni kweli, na kwao nitafika. Lakini wewe wa Wish, wa Fielder, wa Harrier, nakuuliza juu ya ule muziki uliofungwa kwenye buti, na rimu zinazong'aa, na taa za buluu chini ya gari. Kuna chama ambacho kimenunua tenti mbili, viti 100 vya plastiki na sufuria zinazoweza kupikia mazishi ya mji mzima. Chama hicho hicho hakijawahi kufikiria kununua viti vitatu vya watoto vikawa vinazunguka kwa wanachama wenye wachanga. Tumejiandaa vizuri kwa matanga.

Wasio na gari, nanyi mna lenu, ingawa deni lenu si kubwa kama la wenye gari. Makanga akisema, "Mama, pakata mtoto," anauza kiti cha mtoto wako kwa mtu mwingine. Kama unazo nauli mbili, lipa mbili, mtoto wa miaka mitatu minne akae kwenye kiti chake, mkanda umpite mapajani. Haitoshi, lakini ni bora kuliko mikono. Probox inayoondoka imebeba watu tisa, wawili wakiwa wamekaa upande wa dereva, iache iende. Najua giza limeingia, najua mvua inakuja. Iache. Na mchanga ambaye safari yake si ya lazima, akae nyumbani. Bibi wa Bumala atamwona akikua kidogo.

Kwa bodaboda sina kiti cha kuwapa. Hakuna kiti cha mtoto mchanga cha pikipiki, na anayekuuzia amekudanganya. Miji hii ndiyo iliyoanzisha biashara hiyo katika miaka ya 1960 na 1970, vijana na baiskeli nyeusi wakivusha watu kutoka geti hadi geti, na baiskeli ile ikimwangusha mtoto alichubuka goti. Injini ilipokuja, tukaongeza mwendo na tukaongeza watoto. Asubuhi ya shule nahesabu watano juu ya pikipiki moja: wawili mbele ya dereva juu ya tangi, mmoja wao amesinzia kichwa kikiwa kwenye usukani, watatu nyuma, yule wa mwisho ameshika begi la mwenzake. Sheria za pande zote mbili zinasema abiria mmoja. Mzazi amelipa kwa mwezi, anapunga mkono getini, anarudi ndani. Ole wako, mzazi. Umemkabidhi kijana wa watu asiye na kofia kizazi chako chote kwa mara moja, kwa kuwa safari mbili zingekugharimu zaidi. Mtoto ambaye miguu yake haifiki mahali pa kukanyaga hajafikia kupanda. Aliyefikia, akae nyuma ya dereva, awe peke yake, kofia yenye saizi ya kichwa chake, na umwambie dereva mbele ya mtoto kwamba hutaki mbio. Shule ikiwa kilomita moja, watembee. Sisi tulitembea zaidi.

Nanyi mlio na vyeo, maneno yenu nayajua. Tangu Februari 2018, marais wawili walipokizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, msafiri husimama mara moja, na kwa kusimama huko mnakagua pasi, kadi ya homa ya manjano, namba ya injini, mahindi yenye sumu kuvu. Gari linasimama mbele yenu, dirisha limefunguliwa, mtoto yuko mapajani anawatazama. Mnagonga muhuri. Shirika la Afya Duniani limekuwa likizihimiza serikali zitunge sheria ya viti vya watoto na kuisimamia. Mnazo ofisi, mnazo sare, mnalo hilo dirisha. Hata karatasi moja yenye picha, ikibandikwa pale mtu anaposubiri foleni, haijawashinda kuchapisha.

Jumamosi kuna mazishi, kama kawaida. Magari yatatoka Busia na Malaba alfajiri kuelekea Nagongera, Bumala, Funyula, yamejaa. Basi Ijumaa peleka gari kwa fundi wa viti kabla hajafunga. Zile kava alizokushonea, zile nene za kung'aa, zimeifunika mikanda yote ya nyuma, na vishikizo vyake vimelala chini ya sponji tangu siku uliponunua gari. Mwambie azipasue pale kikalio kinapokutana na mgongo, avitoe vishikizo vyote vitatu, apige pindo mashimo yake. Atakuambia ataharibu kava. Mwambie aharibu.